MAJI YA MATUNDA NA MBOGA: JINSI YA KUANZA NYUMBANI

(Mazungumzo kwa wakaaji wa Kisii na Nyamira)

Wazee husema kwamba penye miti hapana wajenzi. Mtu apitaye katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au kando ya barabara pale Keumbu, au katika soko la Keroka lililo mpakani mwa Kisii na Nyamira, huona mikungu ya ndizi, mafungu ya maparachichi, karakara, mapera, machungwa, mananasi na miwa. Lakini mtu huyo huyo akifika nyumbani pengine huwakuta watoto wakinywa soda iliyonunuliwa dukani kwa fedha, na huku nyuma ya nyumba mapera yanaoza chini ya mti. Jambo hili lafaa kufikiriwa sana.

Nchi ya Kisii na Nyamira imebarikiwa kwa mvua na udongo mzuri, lakini pia ni nchi ya watu wengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilionekana kuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka mengi yamekuwa vipande vidogo tu. Mwenye shamba dogo hana nafasi ya kuacha chakula kioze. Njia moja ya kuokoa matunda wakati wa wingi wake ni kuyakamua na kunywa maji yake, ambayo siku hizi wengi huyaita juisi.

Hata hivyo, yafaa neno moja litangulie mengine yote. Watu wengi hudhani kwamba kazi hii huanza kwa kununua mashine. Sivyo. Maji ya matunda huanza katika sufuria ya maji ya kunywa na katika mikono ya yule anayeyatengeneza. Maji na mikono vikiwa safi, kinywaji ni chakula. Vikiwa vichafu, kinywaji hicho hicho huleta kuhara, homa ya matumbo, na hata kipindupindu. Mama anaweza kuwa na nia njema, na matunda mazuri, na glasi nzuri, lakini akampa mtoto wake ugonjwa.

FAIDA YAKE NI NINI?

Kwanza ifahamike kwamba tunda zima hupita maji yake. Mtu alapo chungwa hupata utamu wake pamoja na nyuzinyuzi zake, na nyuzinyuzi hizo hushibisha, husaidia tumbo, na huzuia sukari isiingie katika damu kwa haraka. Akilikamua, nyuzinyuzi nyingi hubaki katika chujio. Kwa hiyo mtu mwenye meno mazuri na tunda zuri mkononi hana haja ya kulikamua. Maji ya matunda yanafaa hasa kwa yale matunda yaliyoiva mno, au yaliyo machachu, au yaliyo mengi kuliko watu wa kuyala. Tena yanafaa kwa mzee asiyeweza kutafuna na kwa mgonjwa anayerudiwa na nguvu zake.

Faida yake kubwa ni vitamini ya herufi C. Katika nchi hii watu hula obokima pamoja na chinsaga, ambayo katika Kiswahili huitwa mgagani, au rinagu, yaani mnavu. Mboga hizo zina madini ya chuma, na chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Lakini chuma cha mboga ni kigumu kuingia mwilini. Mtu akila mboga hizo pamoja na tunda lenye vitamini C, chuma huingia vizuri zaidi. Akinywa chai pamoja na chakula hicho, chai hukizuia.

Kisii na Nyamira ni nchi ya chai, na si neno la kuwaambia watu waiache. Lakini chai na isubiri muda wa saa moja baada ya chakula, na mahali pake mezani pachukuliwe na glasi ndogo ya maji ya machungwa, ya mapera au ya karakara. Mabadiliko haya hayahitaji fedha nyingi, na yanawafaa sana wanawake wenye mimba, wasichana na watoto, kwa kuwa hao ndio wanaosumbuliwa zaidi na upungufu wa damu.

VYOMBO

Tangu zamani watu wa pwani, huko Mombasa, Lamu na Unguja, wametengeneza sharubati ya ukwaju na ya matunda mengine bila umeme wala mashine. Wao walitumia maji, mikono na chujio. Basi anayeanza leo hahitaji zaidi ya kisu kikali, ubao wa kukatia, bakuli, kijiko kikubwa, chujio, kikwaruzo, na kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Akiwa na kikamulio kidogo cha machungwa, vema. Asipokuwa nacho, mkono safi watosha.

Mashine iitwayo blenda husaga tunda lote pamoja na nyama yake, na kinywaji chake huwa kizito. Mashine ya kukamua hutenga maji na makapi, na bei yake kwa kawaida ni kubwa zaidi. Mwenye umeme na fedha anaweza kununua mojawapo, lakini heri aanze kwa mkono kwa muda wa mwezi mmoja kwanza. Wako watu walionunua mashine kwa shauku, na sasa imejaa vumbi juu ya kabati. Tena mashine yoyote isiyofunguliwa na kuoshwa mara tu baada ya kazi huwa nyumba ya vijidudu.

MAJI NA MIKONO

Chemchemi ni nyingi katika vilima vya Kisii na Nyamira, na maji yake huonekana maangavu. Lakini maji maangavu si lazima yawe salama. Hata chemchemi iliyojengewa vizuri yaweza kutoa maji safi, kisha yakachafuka katika mtungi, au katika kikombe kinachotumbukizwa na kila mtu. Kwa sababu hiyo maji yote yatakayochanganywa na matunda sharti yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake.

Liko jambo ambalo watu wa vilimani wanapaswa kulijua. Karibu na bahari maji huchemka kwenye joto la digrii 100. Kwenye vilima vya mita 2,000 huchemka kwenye digrii 93 hivi, kwa maana huko juu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo katika sehemu za chini dakika 1 ya kutokota kwa nguvu yatosha. Katika vilima vinavyokaribia au kupita mita 2,000, kama ilivyo katika baadhi ya sehemu za Nyamira, maji na yaachwe yatokote kwa dakika 3. Kisha yafunikwe na kupozwa katika chombo kile kile, wala yasihamishiwe katika mtungi ambao haukuoshwa.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa, hata yale yatakayomenywa, kwa kuwa kisu huchukua uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Sabuni isitumike kuoshea matunda. Tunda lililooza, lenye ukungu au lililotobolewa na wadudu litupwe. Tunda lililookotwa chini, mahali wapitapo ng'ombe na kuku, lisitumike kwa kinywaji kisichopikwa.

Onyo hili si la bure. Mwaka 1996 huko Marekani na Kanada watu zaidi ya 60 waliugua kwa kunywa maji ya matofaa ambayo hayakupashwa moto ili kuua vijidudu, na mtoto mdogo mmoja akafa. Ikiwa jambo hilo lilitokea katika kiwanda chenye mitambo, litashindwaje kutokea jikoni kwa mtu asiyejali?

MATUNDA YA KUANZIA

Anayeanza na aanze kwa karakara, kwa sababu ni rahisi. Achukue karakara 10 zilizoiva, azikate, na kukomba nyama yake katika chujio lililowekwa juu ya bakuli. Aikoroge na kuibonyeza kwa kijiko mpaka mbegu zibaki peke yake. Kisha atie glasi 4 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Aonje kwanza kabla ya kutia sukari, na akiitia, iwe kidogo. Mwenye blenda asizisage mbegu, maana zikivunjika huleta uchungu.

Mapera ni mali iliyodharauliwa. Watu huyaona kuwa ni chakula cha watoto na ndege, na kumbe pera lina vitamini C mara nne hivi kuliko chungwa la uzito huo huo. Yaoshwe, yakatwe vipande, yachemshwe kwa maji kidogo kwa dakika 10 au 15 hata yalainike, kisha yapondwe na kuchujwa. Moto hupunguza vitamini C, lakini kwa kuwa ilikuwa nyingi, hubaki ya kutosha.

Matunda damu, ambayo hustawi katika nchi ya baridi, yana ganda chungu. Yatiwe katika maji ya moto kwa dakika chache ili ganda litoke kwa urahisi, kisha nyama yake isagwe au ipondwe, ichujwe, na kuchanganywa na maji. Machungwa na machenza hukamuliwa tu na kunywewa bila kutiwa maji wala sukari. Nanasi humenywa, hukatwa vipande vidogo, hupondwa na kukamuliwa katika kitambaa.

Ndizi zina desturi yake. Huko Buganda na upande wa Bukoba watu wamejua tangu zamani kutoa maji matamu ya ndizi bila mashine. Huchukua ndizi za aina maalum zilizoivishwa vizuri, huzimenya, na kuzikanda pamoja na nyasi mpaka maji yanatoka. Lakini si kila ndizi inakubali kazi hiyo. Ndizi nyingi za sokoni zikipondwa huwa kama uji. Basi ndizi mbivu ni bora ziliwe, au zisagwe pamoja na maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Vivyo hivyo parachichi halina maji ya kukamuliwa; lakini mafuta yake yana kazi kubwa, kama itakavyoelezwa.

MBOGA ZIPI, NA ZIPI HAPANA

Mboga nzuri ya kuanzia ni karoti. Zioshwe na kusuguliwa, zikwaruzwe kwa kikwaruzo, zitiwe maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa, kisha zisokotwe katika kitambaa mpaka maji ya rangi ya machungwa yatoke. Karoti moja au mbili zikichanganywa na maji ya machungwa au nanasi, na kipande kidogo cha tangawizi, hutoa kinywaji ambacho hata watoto hukipenda. Rangi ile ya karoti hugeuka kuwa vitamini A mwilini, nayo ni nzuri kwa macho. Lakini mwili huipokea vema pakiwapo mafuta. Ndiyo maana kipande cha parachichi kikiliwa pamoja na maji ya karoti ni jambo la busara. Matango, nyanya na bitiruti hufaa pia. Mtu asishtuke iwapo baada ya kunywa maji ya bitiruti ataona mkojo wake umekuwa mwekundu. Ni rangi ya mboga tu.

Hapa ndipo panapohitajiwa uangalifu mkubwa. Kwa kuwa watu wamesikia kwamba majani mabichi yana nguvu, wengine hudhani kwamba kila jani laweza kusagwa na kunywewa. Hilo ni kosa la hatari. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, nayo sharti yapondwe na kupikwa sana. Mnavu una sumu yake, hasa katika vitunda vyake visivyoiva. Akina nyanya wa Kisii hupika rinagu na chinsaga kwa muda, na pengine huongeza maziwa ili kupunguza uchungu. Hawakufanya hivyo kwa ujinga; walijua mboga zao. Basi mboga hizo na ziendelee kukaa katika chungu, zisiingie katika glasi.

KUWEKA AKIBA

Maji ya matunda yasiyopikwa hayana subira. Pasipo friji, yanywewe mara yanapotengenezwa, wala yasipite saa moja au mbili. Kwa hiyo atengenezaye na apime watu waliopo, na atengeneze ya kuwatosha hao tu. Mwenye friji anaweza kuyaweka katika chombo safi chenye kifuniko mpaka kesho yake. Yakianza kutoa povu, au kunuka kama pombe, yamwagwe.

Mboga zahitaji tahadhari zaidi kuliko matunda machachu. Ukali wa ndimu, karakara na machungwa huzuia baadhi ya vijidudu, lakini karoti haina ukali huo. Mwaka 2006, huko Marekani na Kanada, watu kadhaa walipooza kwa sumu ya ugonjwa uitwao botulizimu baada ya kunywa maji ya karoti ya chupa, na wachunguzi walihusisha jambo hilo na chupa kukosa baridi ya kutosha. Kwa hiyo maji ya karoti yasifungwe katika chupa na kuwekwa kabatini, hata kwa siku moja.

Makapi yasitupwe ovyo. Ng'ombe wa zizini hupenda makapi ya karoti na nanasi, na yanayobaki yaweza kutiwa katika shimo la mbolea. Yakiachwa mlangoni, huita nzi, na nzi hurudi katika glasi.

WANAOPASWA KUJIHADHARI

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe kitu isipokuwa maziwa ya mama. Mpaka atimize mwaka 1 asipewe maji ya matunda. Baada ya miezi 6 na apewe tunda lenyewe lililopondwa. Mwenye mwaka 1 hadi 3 yamtosha nusu ya kikombe kidogo kwa siku, wala asiyanyonye katika chupa usiku kucha, maana meno yake yataoza.

Mtu mzima asidhani kwamba kwa kuwa sukari hii imetoka shambani haina hesabu. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika shauri lake la mwaka 2015, liliihesabu sukari ya maji ya matunda pamoja na ile inayotiwa katika chai na vinywaji, likasema kwamba sukari hiyo yote isipite asilimia 10 ya nguvu za chakula, yaani gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingefaa zaidi iwe nusu yake. Glasi moja kubwa ya maji ya machungwa ina gramu 20 au zaidi kabla hata ya kutiwa kijiko kimoja cha sukari. Kwa hiyo glasi moja ndogo pamoja na chakula ni kadiri njema. Mwenye ugonjwa wa sukari au maradhi ya figo na amwulize daktari kwanza.

Tena watu wajihadhari na wauza maneno. Wako wasemao kwamba kinywaji fulani huponya saratani, au husafisha damu, au humwondolea mtu haja ya vidonge vyake. Kazi ya kusafisha damu imepewa ini na figo, wala hazihitaji glasi ya majani. Mgonjwa aachaye dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari kwa sababu ya bitiruti hubadilisha uhai wake kwa maneno matupu. Maji ya matunda ni chakula kizuri, si mganga.

NENO LA MWISHO

Mabibi na Mabwana, haba na haba hujaza kibaba. Juma la kwanza, kila nyumba na ijifunze kuchemsha maji ya kunywa na kuyafunika, hata kama hakuna tunda lililokamuliwa. Juma la pili, karakara au machungwa, glasi moja ndogo kwa kila mtu wakati wa chakula, na chai ingoje. Juma la tatu, karoti na parachichi. Juma la nne, mapera yale yaliyokuwa yakioza nyuma ya nyumba. Baba na asione kwamba kazi hii ni ya mama peke yake, kwa kuwa kuni, maji na mti wa matunda ni mambo ya nyumba nzima. Na asiye na mti na apande mmoja penye ua wa shamba lake, mahali ambapo hautachukua nafasi ya mahindi.

Nyumba ikifuata utaratibu huu itapata faida mbili. Itakuwa imeokoa matunda yake. Na hata siku ambazo matunda hayapo, itakuwa na maji salama katika sufuria iliyofunikwa. Faida hii ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza.